Msitupe Paneli Iliyooza

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa ufundi na wenye magari ya zamani tulipokutana hapa Nakuru. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviacha, na pia mahali pawili nilipopotea njia.

Hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma kana kwamba kuna mtihani?

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa magari ya kale. Nashukuru kwa heshima, ila kule mtaani Shabaab, hapa hapa Nakuru, mnanijua kwa jina moja tu: fundi wa viti. Nilianza kwa kushona sare za shule. Siku moja dereva wa matatu akaniletea kifuniko cha kiti kilichochanika, nikakipitisha kwenye cherehani ile ile ya kaptula. Sindano zilivunjika tatu kabla sijamaliza, na tangu siku hiyo sijarudi kwenye kaptula. Kwa hiyo mtu asiniulize habari za kabureta. Shamba langu linaanzia pale mlango unapofunguka, linaishia pale kichwa chako kinapogusa dari.

Leo nimekuja na mgeni. Huyu hapa niliyemwegemeza ukutani. Wengine mmemwona mkadhani ni takataka alizosahau mfagiaji. Ni paneli ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ya Peugeot 504 ya familia, ile ndefu ya safu tatu za viti. Hadibodi yake, ule ubao mwembamba wa ndani, imejikunja kama chapati ya juzi. Huku chini imelowa na kukauka mara nyingi mpaka imekuwa unga. Ukiigusa inakubakia kidoleni. Ngozi yake ya vinili, rangi ya chai ya maziwa, imebanduka pembeni. Mwenye gari aliponiletea aliniambia, "Fundi, hiyo tupa, tengeneza mpya." Mpya nimetengeneza. Lakini hii sijaitupa, na nimekuja kuwaeleza kwa nini.

Kwanza niseme kidogo kuhusu gari lenyewe, maana kuna vijana hapa waliolijua kwenye picha tu. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikatawazwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Mistari yake ilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina. Ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Hayo ni ya magazeti. Sisi wa Nakuru tunaikumbuka kwa jambo jingine kabisa: ukifika steji asubuhi unasikia "Nairobi, mmoja, mmoja!", na huyo mmoja ni wewe, na nafasi yako ni kule nyuma magoti yakikugusa kidevu. Saluni ya 504, yaani ile fupi ya kawaida, ina mita 2.74 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ile ndefu ina mita 2.90. Sentimita 16 tu zimeongezwa, na juu ya sentimita hizo watu wengi walisomeshwa.

Sasa nirudi kwenye paneli, lakini nitapitia kwa kosa langu.

Miaka ya tisini mzee mmoja aliniletea Volkswagen Beetle. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeshuka mpaka kinamfunika macho akiendesha. Nilikuwa kijana, mikono inawasha. Nikakirarua kama mtu anayechuna mbuzi. Fito za chuma zinazobeba kile kitambaa zikaanguka sakafuni, kijana wangu akazikusanya zikawa fungu moja kama kuni, na kitambaa chenyewe akakichoma pamoja na taka za jioni. Kesho yake nikaanza kushona kipya. Ndipo nikagundua fito zile hazilingani. Kila ufito una mkunjo wake na urefu wake, kwa sababu paa la Beetle si bapa, ni mgongo wa kobe. Upi wa mbele, upi wa nyuma? Njia za kupitishia fito zilishonwa umbali gani kati ya moja na nyingine? Majibu yote yalikuwa kwenye kile kitambaa, na kitambaa kilikuwa majivu. Nilikata kwa kukisia, kikapungua vidole viwili. Vidole viwili kwenye dari ni sawa na maili mbili. Kitambaa cha pili nilinunua kwa pesa yangu.

Tangu wakati huo kwangu hakuna kinachotoka karakana kabla gari halijatoka. Hata kikiwa kimeoza, na hata kikinuka panya. Ukikitandaza mezani kinakuonyesha urefu, na mahali pa tundu, na upande ambao kitambaa kilivutwa. Hakuna kitabu cha mtengenezaji kitakachokupa hayo kwa gari lililokwisha kushonwa upya mara mbili Kisumu na mara moja Kericho.

Kwa hiyo kabla ya kuondoa skrubu moja, piga picha kwa simu, za karibu na za mbali. Andika kwa chaki nyuma ya kila kipande: kushoto, kulia, juu, mbele. Skrubu zangu nazipanga kwenye trei ya mayai. Ina mashimo thelathini na haigharimu kitu. Shimo la kwanza ni la kitasa, la pili ni la kishikio cha mkono, na kuendelea. Msidharau skrubu. Kwenye gari la zamani skrubu za ndani zina vichwa vya mviringo na vikombe vidogo chini yake, na mahali pengine urefu unatofautiana kwa makusudi. Ukiweka ndefu penye fupi, ncha inakwenda kukwaruza kioo ndani ya mlango, na utashangaa mwezi mzima hiyo alama imetoka wapi.

Jambo la pili ambalo kilichooza kinajua ni rangi. Mwenye gari huwa anakuja akisema viti vyake vilikuwa kahawia. Macho yake hayamdanganyi, amevizoea hivyo miaka thelathini. Lakini chukua wembe, fungua mshono wa chini ya kiti, kunjua ule mkunjo ambao jua halijawahi kuuona. Mara nyingi utakuta rangi nyingine kabisa, imelala mle kama siku iliyotoka kiwandani. Chini ya kisahani cha majivu pia, na nyuma ya kipande cha miguuni karibu na pedali. Nenda dukani na kile kipande, usiende na kumbukumbu.

La tatu ni vipimo, na hapa kuna mtego. Vijana wengi wakitaka kiolezo wanafungua kiti cha dereva kwa sababu ndicho kilichochakaa zaidi na ndicho mteja anacholalamikia. Kiti cha dereva kimekaliwa mpaka kifuniko chake kimenyooka na kupanuka. Ukikata kwa kukifuata, unashona kiti cha mtu mnene aliyekwisha kuondoka: kitakuwa na makunyanzi siku ya kwanza. Fungua cha abiria wa mbele. Weka alama za kukutanishia kabla ya kukata uzi, bandua, piga pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, chora kwenye karatasi ngumu, kisha geuza karatasi upate kiti cha upande wa pili. Kama gari lilikuwa matatu, viti vyote vimenyooka, hapo tafuta pembe za kiti cha nyuma kabisa, zile za karibu na ukuta. Huko hakuna aliyependa kukaa.

Na uzi wenu uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza, na wa nailoni una nguvu ukiwa mpya lakini hauvumilii jua kama poliesta. Hilo nimelisema haraka kwa sababu halina ubishi.

Jua lenyewe lina ubishi. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, jua linatua kwenye dashibodi bila kupunguzwa makali. Vinili ni plastiki iliyochanganywa na mafuta fulani ya kuilainisha. Gari likiegeshwa juani na vioo vimefungwa, yale mafuta yanatoka polepole kama jasho. Mmewahi kufuta kioo cha mbele kwa ndani mkaona utando wa mafuta usiotoka kwa maji? Sehemu kubwa ya utando ule ni dashibodi yako, inahamia kwenye kioo kidogo kidogo. Yakiisha kutoka, vinili inakuwa ngumu, inasinyaa, halafu inapasuka, na mara nyingi ufa unaanzia kwenye pembe ya spika au tundu la hewa.

Je, inarudi? Ile iliyokwisha kupasuka hairudi. Mtu akikuuzia dawa ya kuirudisha, mwombe akuonyeshe aliyoirudisha mwaka jana. Unachoweza ni kuilinda ile ambayo bado ni hai: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, kisha kivuli. Zile dawa za kung'arisha zinazofanya dashibodi imetemete kama samaki aliyetoka ziwani, mimi sizipendi. Zinavuta vumbi, zinarudisha mwanga machoni pa dereva, na siku ukitaka kugundisha au kupaka rangi hakuna kitakachoshika. Na kuna watu, sitawataja ingawa mmoja yuko safu ya tatu, wanapaka viti rangi ya viatu. Mzee wangu, ile rangi inahamia kwenye suruali ya mgeni.

Vumbi nalo. Husemwa kwamba hata jina la mji huu lilitokana na neno la Kimaasai la vumbi, na mwezi wa Februari hakuna anayebisha. Si vumbi la kawaida. Bonde letu lina udongo mweupe mwepesi, kama ule unaochimbwa Kariandusi upande wa Gilgil, ambao ni maganda ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Udongo wa aina hiyo unatumiwa viwandani ndani ya dawa za kusugulia. Sasa wewe ukichukua kitambaa kikavu ukasugua pambo la ndani linalong'aa, unalipiga msasa bila kujua. Mapambo mengi ya ndani ya miaka ya 1970 si chuma. Ni plastiki iliyopakwa utando wa chuma mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Peperusha kwanza kwa brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu. Dawa ya kusugua kromu ya bampa isivuke mlango.

Maji ndiyo yaliyomuua mgeni wangu huyu. Mvua ikinyesha, maji yanapita pembeni mwa kioo na kuingia ndani ya mlango. Si kosa, mlango umeundwa hivyo, ndiyo maana chini kabisa kuna vitundu vya kuyatoa. Kati ya chuma na paneli, kiwandani waliweka karatasi ya nailoni ili maji yasiiguse hadibodi. Kisha siku moja kioo kikakataa kupanda. Fundi akafungua paneli, akairarua ile nailoni apate kupitisha mkono, akatengeneza kioo, akarudisha paneli, akalipwa. Nailoni ilibaki kando ya barabara. Vitundu vya chini vikazibwa na matope ya Mau Summit. Mlango ukawa ndoo.

Tulipopigiwa marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, nilidhani nimeishiwa na kitu cha kuziba mahali pa nailoni ile. Ikawa heri. Sasa natumia ile nailoni nzito ambayo wajenzi wanatandika chini ya sakafu ya nyumba kabla ya kumwaga zege. Inakatwa kwa kufuata paneli, inagundishwa kotekote kwa gundi isiyokauka kabisa, na sehemu ya chini naichomeka ndani ya mlango ili tone likishuka lirudi ndani ya chuma. Kabla ya hapo nachokoa vitundu kwa waya wa baiskeli.

Na hadibodi mpya? Ya milimita 3 inatosha. Mlaze huyu mzee juu yake, fuata ukingo kwa penseli, toboa matundu ya klipu kupitia matundu yake. Pale chini alipokwisha kuwa unga, kopa mstari kutoka paneli ya mlango wa pili, umegeuzwa. Kisha paka vanishi, na msisitizo uko kwenye kingo na ndani ya matundu, maana hapo ndipo hadibodi inapoanza kunywa.

Lakini tazameni hii mistari inayopita juu ya vinili. Sogeeni. Inaonekana kama mshono, si kweli? Pitisha ukucha. Hakuna uzi. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yalichapwa mistari hii kwa joto na mashine kubwa ya kiwandani. Cherehani yangu haiwezi kuiga hilo. Nikishona juu yake nitapata paneli nzuri, lakini itakuwa paneli ya fundi wa viti wa Shabaab, si ya gari lile. Kwa hiyo ngozi ya zamani, kama haijapasuka, naibandua polepole kwa joto la mashine ya kukaushia nywele na kisu butu, naiosha, naihamishia kwenye ubao mpya. Kazi hiyo inaweza kula siku nzima kwa mlango mmoja. Mteja akiuliza mbona bei inazidi ya vinili mpya, namketisha, namwambia apitishe ukucha.

Sasa dari, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu.

Dari ya zamani inaning'inia kwenye fito, kama nilivyosema, na kila ufito unapita ndani ya njia iliyoshonwa mgongoni mwa kitambaa. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka: ni njia ya kamba kiunoni mwa kaptula, ile ile. Zitoe fito moja moja, andika namba, na andika upande. Zisugue kutu na uzipake rangi, kwa sababu alama za kahawia zinazokatiza dari nyingi hazitokani na mvua, ni kutu ya ufito inayopenya kitambaani. Kwenye Beetle usijaribu kufanya kazi bila kutoa kioo cha mbele na cha nyuma, maana kitambaa kimekunjwa na kuishia chini ya raba za vioo. Wapo wanaokata kwa wembe kufuata raba na kugundisha kipya juu. Baada ya msimu mmoja wa mvua wanarudi kwangu.

Kitambaa kipya kiache juani kwanza kilegee. Ingiza fito, anza na katikati ya mbele na katikati ya nyuma, kisha katikati ya kila ubavu. Shikiza kwa vibanio vya nguo, vile vya kuanikia. Usiguse gundi. Vuta kidogo huku, kidogo kule, zunguka gari kama mtu anayekaza ngoma. Ukivuta upande mmoja mpaka mwisho ndipo uhamie wa pili, kunyanzi litahama na wewe litakwenda kukusubiri kwenye kona. Kiache kilale usiku. Asubuhi kitakuwa kimelegea tena, kaza, ndipo gundi. Vikunyanzi vidogo vinamalizwa kwa mvuke, lakini mkono uwe mbali: vinili ikipata joto kupita kiasi inang'aa, na mng'ao huo hautoki. Tundu la taa ndilo la mwisho. Mkasi ukiingia mapema umekwisha.

Nimalizie na ugomvi.

Gari lenye paneli hii lina kiti cha katikati chenye kiraka. Kimeshonwa kwa uzi wa viatu, mkono wa mtu asiye mshonaji, mshono mmoja mrefu mmoja mfupi. Chini ya kiti hicho nilikuta maganda ya njugu, tiketi iliyofifia, na thumuni yenye kichwa cha Moi. Mwenye gari alipokiona kiraka alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo alishona baba. Alikuwa na safari ya Kisumu asubuhi na fundi alikuwa amefunga." Rafiki yake aliyekuja naye, mtu wa kupeleka magari kwenye mashindano ya unadhifu ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, akasema kiraka kitoke, majaji watakata alama. Wakabishana mbele yangu kana kwamba sipo.

Waliponiuliza, nilisema kibaki. Nimekisafisha, nimekiwekea kitambaa kipya kwa nyuma ili kisiendelee kuchanika, na uzi ule sijaugusa. Wengine hapa mtasema mimi si fundi ila ni mtunza makaburi. Semeni. Lakini gari hili halikuletwa na meli likaenda moja kwa moja kwenye maonyesho. Lilifanya kazi, na ile kazi nayo imo ndani yake. Sisemi kila uchafu ni historia. Redio iliyotobolewa kwa nyundo kwenye dashibodi niliiondoa bila kumwuliza mtu. Na mikanda ya viti iliyofungwa wakati wa sheria za matatu za waziri Michuki, mwaka 2004, haikutoka kiwandani na bolti zake zimetoboa sakafu, lakini siing'oi. Atakayetaka safu ya tatu iwe kama ya 1970, abiria wakae bila mkanda, atafute fundi mwingine.

Kifuniko hicho cha kiti kiko pale mezani. Mkitoka mkiguse.

Sasa nataka vijana wawili. Wewe mwenye koti la bluu, na wewe. Nimeleta fremu ya dari na kitambaa. Shika ufito huu, usome namba niliyoandika. Tatu, kushoto. Vizuri. Uingize. Wewe shika mbele, katikati. Hapana, usivute bado.